Baba kawekewa stenti ya everolimasi baada ya mshtuko wa moyo. Ni nzuri, au tumepewa ya kizamani?

Binti_Mkubwa:

Wakuu, salaam. Nimesoma mpaka macho yanawasha, na kila ninachosoma kinanitia hofu mpya, kwa hiyo nakuja kwenu wenye uzoefu.

Baba ana miaka 63. Wiki tano zilizopita, alfajiri, alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu, akasema kifua kinambana. Basi, hakuongeza neno. Si mtu wa kulalamika, kwa hiyo nikawasha taa, nikakuta shati limelowa jasho na ameshika taya kama mwenye jino bovu. Hospitali walimpima umeme wa moyo hata kabla hatujamaliza kuandikisha jina lake, wakamkimbiza chumba cha kateta, wanakopitisha mrija mwembamba hadi kwenye mishipa ya moyo. Nilijua atapasuliwa kifua. Kumbe walipitia kwenye kifundo cha mkono, na nilipoitwa kumwona nikamkuta anaulizia miwani yake.

Siku ya kuruhusiwa tulipewa kadi ndogo. Imeandikwa ateri ya mbele inayoshuka, stenti moja (kile kiwavu cha chuma kinachoshikilia mshipa uwe wazi), kipenyo milimita 3.5, urefu milimita 23, chuma kobalti-kromiamu, dawa iliyopakwa juu yake everolimasi. Nikaitunza kwenye pochi yangu, nikashukuru Mungu, nikaendelea na maisha.

Juzi kazini mwenzangu kaniomba nimsomee. Akaguna. Anasema hiyo imepitwa na wakati, siku hizi kuna za nyuzi nyembamba zaidi, na kuna zinazoyeyuka zenyewe zisibaki mwilini. Kumwambia kaka yangu, naye kaja na lake: eti hizi zenye dawa ndizo zinazogandisha damu baada ya miaka, afadhali tungeomba chuma tupu kisichopakwa dawa. Sasa niamini nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyetuuliza tunataka ipi. Niliwekewa karatasi mbele, nikatia saini nikiwa nimesimama koridoni, sikusoma hata mstari mmoja. Najiuliza kama ningeuliza swali moja tu ingekuwaje.

Hali yake ni nzuri. Anatembea, analala vizuri, anameza aspirini na tikagrelori na kile cha kolesteroli usiku. Kuna mshipa mwingine umebanwa kiasi, wamesema watamrudisha kuushughulikia. Kinachomsumbua sasa ni jino, litang'olewa wiki ijayo. Daktari wa meno kamwambia aache vidonge vyote vya kulainisha damu siku saba kabla, ameacha tangu jana.

---

Fundi_wa_Kateta:

Dada, nitarudi kwenye stenti. Kwanza hiyo sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama jambo dogo.

Funga ukurasa huu upige simu sasa hivi kwa timu ya moyo iliyomhudumia. Waambie hivi hivi: "Stenti ya wiki tano, aliwekewa akiwa na mshtuko wa moyo, ameacha aspirini na tikagrelori tangu jana." Usisubiri asubuhi. Wao ndio watakaosema ameze nini na lini, mimi siandikii watu dawa.

Stenti ya wiki tano bado ni chuma kigeni ndani ya damu. Utando wa ndani wa mshipa haujamaliza kutambaa na kuifunika. Vile vidonge viwili ndivyo vinavyozuia chembe sahani za damu zisigandie pale. Ukiviacha mapema, bonge linaweza kuziba stenti yote kwa mkupuo, na kwa mzee ni ateri inayolisha sehemu yote ya mbele ya moyo. Fizi ikivuja damu utaibana kwa pamba na nyuzi. Mshipa wa moyo hauna pa kuubana kwa kidole.

Na swali moja: mna uhakika ni jino? Uliandika kwamba siku ile alishika taya. Maumivu yanamjia akipanda ngazi na kutulia akikaa, au yapo muda wote?

---

Binti_Mkubwa:

Napiga sasa. Jino ni jino, kafura shavu na picha imeonyesha usaha kwenye mzizi. Narudi.

---

Stenti_Mbili:

Binti, wakati unapiga simu, acha mimi nimjibu kaka yako, maana hicho chuma tupu anachokitamani ninacho.

Nilipata mshtuko wangu wa kwanza miaka ya nyuma. Nikawekewa chuma tupu, nikarudi nyumbani bingwa. Mwezi wa sita ngazi za ofisini zikaanza kunishinda. Ghorofa ya kwanza napita, ya pili nasimama najifanya nasoma simu. Waliporudi kuangalia wakakuta stenti iko palepale, haijasogea, ila nyama imeota ndani yake kama kovu hadi njia imebaki tundu. Wakaweka nyingine ndani ya ile ya kwanza, hii ikiwa na dawa. Ndiyo maana ya jina langu humu. Sijabanwa tena tangu hapo.

Sisemi kila mwenye chuma tupu yanamkuta yangu. Jirani yangu wa kitanda wodini alikuwa nacho na hakurudi kamwe. Nasema tu asidhani ni kitu salama walichonyimwa.

Jambo jingine kuhusu tikagrelori. Nilipopewa nikaanza kukata pumzi nikiwa nimekaa tu, nikaamini moyo ndio unakwisha. Nikakaa kimya siku kumi kwa woga wa kuambiwa habari mbaya. Kumbe ni dawa yenyewe, ina tabia hiyo kwa baadhi yetu. Daktari akanibadilishia klopidogreli. Mzee akianza hivyo aseme, asiache kimyakimya.

---

Fundi_wa_Kateta:

Haya, sasa stenti.

Nijitambulishe: mimi si daktari. Ni yule anayesimama upande wa rafu na kufungua paketi, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na tatu. Daktari akishapitisha waya kwenye mshipa ulioziba na kupuliza puto, hageuki kuniambia "nipe iliyo nzuri." Ananiambia "tatu nukta tano kwa ishirini na tatu." Nasoma paketi kwa sauti, narudia vipimo, naangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, naifungua. Stika ya ile paketi ndiyo inayobandikwa kwenye kadi uliyo nayo pochini. Kwa hiyo unapojilaumu kwamba hukuuliza ipi, ujue ndani mle mabishano yalikuwa ya nusu milimita na dakika. Misuli ya moyo ilikuwa inakufa. Lengo ni mshipa ufunguliwe ndani ya dakika 120 tangu kipimo cha umeme kionyeshe tatizo, na upungue muda huo kadiri inavyowezekana. Saini yako koridoni ilimwokolea baba dakika kadhaa. Ningesaini vilevile.

Kwa nini nusu milimita ni jambo kubwa? Mshipa wenye mshtuko unakudanganya. Umejikunyata kwa mshtuko wenyewe, na umejaa bonge la damu, hivyo kwenye picha unaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Ukiweka stenti ya ukubwa unaouona, siku chache baadaye mshipa unalegea, bonge linayeyuka, na stenti inabaki inaelea, nyuzi zake hazigusi ukuta. Hapo ndipo damu hupenda kuganda. Nimeona daktari anadunga dawa ya kutanua mshipa, anasubiri, anapiga picha tena, kisha anabadilisha namba aliyoniambia. Zipo pia kamera ndogo za mwanga au mawimbi ya sauti zinazoingia ndani ya mshipa kupima. Ukitaka kumuuliza daktari swali moja la maana kuhusu stenti ya baba, muulize kama ilikaa vizuri ukutani, utamfurahisha.

Kuhusu chuma tupu. Mwanzo lilikuwa puto peke yake. Andreas Grüntzig alilipuliza kwenye ateri ya moyo kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1977. Mshipa ulifunguka, ila mara nyingi ulijikunja tena kama mpira. Mwaka 1986 huko Toulouse na Lausanne wakaanza kuacha wavu wa chuma ndani kuushikilia. Ikasaidia. Utafiti wa BENESTENT, 1994, ulikuta mishipa iliyobanwa upya ilishuka kutoka asilimia 32 kwa puto hadi 22 kwa stenti. Lakini hiyo 22 ndiyo iliyomsimamisha Stenti_Mbili ghorofa ya pili.

Ndipo dawa ikapakwa juu ya chuma. Mojawapo ya dawa hizo, sirolimasi, ilitokana na kijidudu kilichookotwa kwenye udongo wa Rapa Nui, kile kisiwa cha masanamu makubwa ya mawe, udongo uliochukuliwa 1964. Everolimasi ya baba ni mtoto wa dawa hiyo. Inazuia seli za ukuta zisizaliane kupita kiasi. Nyingi inatoka mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa nne imekwisha. Huwa nacheka nikifikiria kwamba tope la kisiwa kile limo kifuani mwa watu niliowafungulia paketi.

Kaka yako hakutunga. Alichosoma kilikuwa kweli kwa stenti za kizazi cha kwanza. Cypher, mojawapo ya hizo, ilikuwa na nyuzi nene za maikromita 140, na gundi ya plastiki iliyobeba dawa iliuudhi mshipa ukachelewa kupona, hivyo baadhi ya watu waliganda damu mwaka mmoja au zaidi baadaye. Mwaka 2006, kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa moyo Barcelona, hofu hiyo ililipuka mpaka watu wakarudi kwenye chuma tupu. Tatizo ni kwamba habari ya 2006 bado inasambazwa kama ya jana.

Aina ya baba ilikuja baadaye. Ikiwa ni ya chapa ya Xience, nyuzi zina maikromita 81, takriban unene wa unywele, na gundi yake ni rafiki zaidi kwa damu. Ililinganishwa na chuma tupu kwa wagonjwa kama yeye hasa, wenye mshipa ulioziba kabisa, katika utafiti wa EXAMINATION wenye wagonjwa wapatao 1,500. Mwaka wa kwanza, waliogandisha damu ndani ya stenti kwa uhakika walikuwa asilimia 0.5 upande wa everolimasi na 1.9 upande wa chuma tupu. Baada ya miaka mitano, waliokufa kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 9 dhidi ya 12. Yaani kwenye kile kile anachokiogopa kaka yako, stenti yenye dawa ndiyo iliyoshinda.

Zinazoyeyuka nitamaliza haraka: Absorb. Wazo zuri, plastiki inayotoweka baada ya miaka mitatu hivi. Lakini nyuzi zilikuwa nene karibu mara mbili ya Xience, na damu iliganda zaidi. Iliondolewa sokoni 2017. Kwa mshtuko wa moyo, mwambie mwenzako wa kazini hamjakosa kitu.

Nyembamba zaidi, hapo ana hoja, nusu. Orsiro, chapa ya hizo nyembamba, ililinganishwa na Xience kwa wagonjwa 1,300 wenye mshtuko, utafiti wa BIOSTEMI. Mwaka wa kwanza, stenti zilizofeli zilikuwa asilimia 4 dhidi ya 6. Miaka mitano, 8 dhidi ya 11. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kurudishwa kurekebisha sehemu ileile, si kwenye vifo. Lakini sikiliza hili ambalo huwezi kulijua bila kushika paketi: zile nyuzi za maikromita 60 anazozisifu ni za stenti za kipenyo hadi milimita 3.0. Kuanzia 3.5 na kuendelea, Orsiro yenyewe ina nyuzi za maikromita 80. Baba yako ana 3.5. Kwa unene wa chuma, hapo tunabishania maikromita moja. Kinachobaki ni gundi, ambayo kwenye Orsiro huyeyuka ndani ya miaka miwili hivi.

---

Mdadisi:

Fundi umeeleza vizuri ila umeegemea upande. Kuna ule utafiti wa Norway wa wagonjwa 9,000 ambao haukuona tofauti yoyote kati ya chuma tupu na yenye dawa. Na kama chuma tupu ni duni hivyo, mbona baadhi ya madaktari waliendelea kukitumia kwa wazee?

---

Fundi_wa_Kateta:

Ni kweli, NORSTENT, 2016, wagonjwa 9,013. Ila "tofauti yoyote" umeongeza wewe. Vifo pamoja na mishtuko mipya kwa miaka sita vilikaribiana mno, asilimia 16.6 na 17.1. Waliohitaji kufunguliwa mishipa tena walikuwa 16.5 kwa wenye dawa na 19.8 kwa wenye chuma tupu. Na mle walichanganywa wagonjwa wa kila namna, wenye mshtuko na wasio nao. Nakubali kwamba anayetarajia stenti iliyopakwa dawa imwongezee maisha peke yake anaidai kisichokuwa kazi yake.

Swali la pili ni zuri kuliko la kwanza. Sababu ilikuwa vidonge. Iliaminika kwamba chuma tupu kinafunikwa haraka, kwa hiyo mtu anayevuja damu kirahisi, mwenye vidonda vya tumbo au anayemeza dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, anaweza kumeza vidonge viwili mwezi mmoja tu. Nami niliamini. Nilikuwa natenga paketi za chuma tupu kwenye droo ya chini kwa ajili ya watu hao. Kisha 2015 ukatoka utafiti wa LEADERS FREE: wagonjwa 2,466 wa aina hiyohiyo, wote wakapewa vidonge viwili mwezi mmoja tu, nusu kwa chuma tupu na nusu kwa stenti yenye dawa isiyo na gundi. Vifo, mishtuko na kuganda kwa damu vilikuwa asilimia 12.9 kwa chuma tupu na 9.4 kwa yenye dawa. Droo yangu ya chini ikakosa kazi. Sasa inakaa glovu.

---

Mdadisi:

Hiyo ya glovu nimeikubali.

---

Binti_Mkubwa:

Nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku tisa.

Usiku ule daktari wa zamu alipokea simu. Nikamsomea ile sentensi yako, Fundi, neno kwa neno, na kabla sijamaliza akanikatiza: "Mlete." Tukampeleka. Wakampima umeme wa moyo, ukawa sawa, wakamrudisha kwenye dawa zote mbili palepale. Baba akawa ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Daktari wa moyo mwenyewe alimpigia wa meno asubuhi. Wakakubaliana usaha hauwezi kusubiri mwaka, jino litoke huku dawa zikiendelea. Likatoka. Nyuzi mbili, pamba ya kung'ata, akatema mate ya rangi hadi jioni, basi.

Niliuliza kama stenti ilikaa vizuri ukutani. Daktari alinitazama, akauliza nimejifunzia wapi, kisha akanifungulia picha na kunionyesha. Nilichokiona ni mstari mweusi unaonenepa ghafla pale palipokuwa pamekatika. Akasema aliongeza puto la pili ndani, kubwa kidogo, kuisukuma. Na pumzi za baba ziko sawa, Stenti_Mbili, nimemuuliza kila siku mpaka kakasirika.

Kaka nimemsomea asilimia 0.5 na 1.9. Amesema atasoma mwenyewe. Baba alichokamata katika yote ni kisiwa tu, anawaambia wageni ana udongo wa mizimu ya mawe moyoni.

Sasa kuna jambo. Ule mshipa mwingine uliobanwa wanaushughulikia Alhamisi. Daktari anasema ushahidi upo kwamba baada ya mshtuko, kuufungua na huo mwingine kunapunguza mshtuko mpya, hata kama hausumbui. Safari hii hakuna haraka. Nimeuliza kipenyo, amekadiria milimita 2.75. Je, hapa ndipo nidai ile nyembamba?

---

Fundi_wa_Kateta:

Ushahidi huo ni utafiti wa COMPLETE, 2019, wagonjwa 4,041: vifo vya moyo na mishtuko mipya asilimia 7.8 kwa waliofunguliwa yote, 10.5 kwa walioachiwa. Daktari wako yuko sahihi.

Kwa 2.75, ndiyo, hapa maikromita 60 dhidi ya 81 ni tofauti ya kweli, kwenye bomba dogo kila unene unahesabika. Usidai, uliza. Sema: "Kwa ukubwa huu mna ya nyuzi nyembamba, na ninyi wenyewe mnaizoea ipi?" Akikujibu kwamba anaijua zaidi ile ya kwanza na atapima kwa kamera ya ndani, mimi ningemwachia. Stenti ya everolimasi iliyokaa ukutani naipenda kuliko nyembamba iliyowekwa na mtu anayeifungua mara ya kwanza.

Uliza na tarehe ya kuacha tikagrelori. Kawaida ni mwaka mmoja tangu mshtuko, aspirini ikiendelea, lakini waandike tarehe yenyewe kwenye kadi, nyuma ya stika, ili daktari mwingine wa meno aione.

---

Binti_Mkubwa:

Kadi nimeihamishia kwenye pochi ya baba. Nyuma nimeandika kwa kalamu nyekundu: USIACHE BILA KUMPIGIA DAKTARI WA MOYO, na namba ya zamu. Anasema mwandiko wangu mbaya. Alhamisi saa mbili asubuhi tutakuwa pale, na karatasi ya kusaini nimeomba nipewe Jumatano.